Mlimani au hakuna? Wazee wangu wa Bukundi, hapana!

Najua nimepotea hapa karibu mwezi mzima. Chuo kimefungwa, nipo PT hapa hapa Dar, narudi geto Changanyikeni saa moja usiku na vumbi la saiti mpaka kwenye nyusi. Nguvu za kuandika natoa wapi? Lakini leo nimeamua silali mpaka nimelisema hili, maana wiki hii nimelisikia mara nyingi mno: "Mlimani au hakuna."

Kauli hii inaamka kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi wa saba, na hailali mpaka vyuo vifunguliwe. Kwetu Bukundi imekuwa kama sala. Mtoto akisema anataka kuwa mhandisi, jibu ni hilo hilo moja. Mtu hajui mhandisi wa mitambo anatofautianaje na wa umeme, lakini chuo anakijua, na anakitaja kwa sauti ya kufunga mjadala.

Kabla hamjaanza kunirushia mawe: mimi mwenyewe ni wa Mlimani. Nimemaliza mwaka wa tatu, uhandisi ujenzi, CoET, na chuo changu nakipenda. Kwa hiyo msiniletee habari za sizitaki mbichi hizi. Nimezila, ni tamu, na bado nasema wazee wetu wanawapoteza vijana.

Kisa chenyewe kiko hivi. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, amemaliza PCM mwaka huu na kafaulu vizuri tu. Tangu yuko primari anaimba wimbo mmoja: maji. Kwa asiyeijua Meatu nimwambie kidogo. Kiangazi kikikolea kule kwetu mito inakauka, inabaki mchanga, na akina mama na wasichana wanafukua ule mchanga kwa mikono na vibakuli, wanasubiri maji yajichuje, wanachota. Ng'ombe nao wanasubiri zamu. Huyu binti amefukua mchanga huo tangu ana miaka sita. Hahitaji mtu wa kumweleza kwa nini asome uhandisi wa maji.

Akaomba vyuo vitatu, na vyote vitatu vimemchukua. Cha kwanza Mlimani, ila si uhandisi. Uhandisi ujenzi alioomba hakupata, wakampa kozi ya sayansi aliyoiweka chini kabisa kwenye fomu. Cha pili MUST, Mbeya, uhandisi ujenzi. Cha tatu SUA, Morogoro, uhandisi wa umwagiliaji na rasilimali za maji. Narudia: umwagiliaji na rasilimali za MAJI. Mimi nilipopigiwa simu nikacheka kwa furaha, nikajua kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza imeanza. Kikao cha ukoo kikakaa, na uamuzi ukatoka kwenye kundi letu la WhatsApp kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne: binti athibitishe Mlimani. Akifika kule "atahamia ndani kwa ndani" kwenda uhandisi. Mbeya ni mbali na baridi. Na SUA? Mjomba mmoja akauliza, "Miaka minne Morogoro kusomea jembe, jembe si lipo hapa nyumbani?" Watu wakatuma vikatuni vya kucheka.

Haya, sasa tuzungumze.

Kwanza niwatendee haki wazee. Hawakuokota hii imani barabarani. Wakati nchi zetu tatu zina chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, kuanzia 1963 mpaka 1970, aliyetaka digrii ya uhandisi alikwenda Nairobi. Kitivo cha Uhandisi kikaanzishwa Mlimani mwaka 1973, na kwa miaka mingi baada ya hapo, kwa Mtanzania anayetaka digrii ya uhandisi bila kuvuka mpaka, Mlimani ndiyo ilikuwa njia. Baba mkubwa alikuwa kijana miaka hiyo. Injinia aliyekuja wilayani na Land Rover alikuwa wa Mlimani, basi kichwani mwake injinia na Mlimani ni neno moja. Kwa zama zake alikuwa sahihi kabisa.

Lakini zama zimehama! Ile Dar Tech ya 1957 iligeuka DIT kwa sheria ya 1997, na leo inatoa digrii ya uhandisi. Ile Mbeya Tech iliyofunguliwa 1986 ikawa taasisi mwaka 2005, na chuo kikuu kamili mwaka 2012, ndiyo MUST. Arusha Tech ya 1978 nayo inatoa digrii. Ardhi, majirani zetu wa hapa bondeni, ni chuo kikuu kinachojitegemea tangu 2007. Dodoma ilianza mwaka huo huo. SUA imekuwepo tangu 1984, na uhandisi wa kilimo si jembe, mjomba wangu. Ni mabwawa, mifereji, pampu, mitambo na hesabu za maji yanayopita kwenye udongo. Injinia wa umwagiliaji anakokotoa vitu ambavyo mimi wa ujenzi navigusa kwa pembeni tu.

Sasa hili la "atahamia ndani kwa ndani". Jamani, nani alianzisha uongo huu? Kila mwaka wa kwanza unakutana nao, watoto wamekaa kozi wasiyoitaka, wanasubiri kuhama kama mtu anayesubiri basi lililokwisha pita. Kuhama kozi kupo, sikatai. Ila lazima uwe na sifa za ile kozi unayoitaka, nafasi iwepo, na kila kitu kipite kwenye taratibu za chuo na TCU. Sasa fikiria mwenyewe: kama uhandisi ujenzi ulimwacha kwa sababu waliomzidi alama walikuwa wengi na nafasi zikajaa, mwezi mmoja baadaye hizo nafasi zitakuwa zimeota wapi? Pointi 4 za masomo mawili zinazotajwa kwenye mwongozo wa TCU ni ruhusa ya kuomba. Kwenye kozi inayogombewa, anayeingia ni mwenye alama za juu zaidi, basi. Anayemwambia mtoto athibitishe kozi asiyoitaka kwa ahadi ya kuhama anamchezesha kamari kwa maisha yake, na pesa ya kuwekea ni ya mtoto.

Na ni pesa kweli. Mkopo wa HESLB unarudishwa. Ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichoanza na mabadiliko ya sheria ya 2016. Ile asilimia 6 ya kutunza thamani iliyokuwa inafanya deni halipungui iliondolewa 2021, tunashukuru, lakini deni lenyewe liko pale pale. Utakatwa asilimia 15 kwa kozi uliyoipenda, na utakatwa asilimia 15 kwa kozi aliyoipenda baba mkubwa. Ipi inauma zaidi?

Nije kwenye kitu ambacho kwenye kile kikao hakikutajwa hata mara moja: ERB. Wazee wangu, nchi hii huwezi kujiita mhandisi kwa sababu una digrii. Kuna Sheria Na. 15 ya 1997 na kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ukimaliza chuo unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya wahandisi wenye uzoefu kwa miaka kama mitatu, unaandika ripoti, unahojiwa, ndipo unaitwa mhandisi mtaalamu. Bodi ina mpango wake wa kuwasaidia wahitimu kupita kipindi hicho, unaitwa SEAP, tangu 2003. Pale mlangoni haulizwi umesoma kilima gani. Linaloulizwa ni kama kozi yako ni ya uhandisi na kama inatambuliwa. Mhitimu wa SUA aliyesomea uhandisi wa kilimo anasajiliwa. Mhitimu wa Mlimani aliyesoma sayansi tupu, hata awe na GPA ya 4.8, hasajiliwi kuwa mhandisi, kwa sababu hakusoma uhandisi. Ndiyo maana narudia mpaka mdomo unakauka: KOZI kwanza, chuo baadaye.

Chukueni tangazo lolote la kazi za wahandisi kwenye Ajira Portal mlisome taratibu. Linataka shahada ya fani fulani kutoka chuo kinachotambuliwa, na mara nyingi linaongeza usajili wa ERB. Neno Mlimani mtalitafuta kwa tochi. Na kazi za maji zenyewe ziko wapi? RUWASA ilianzishwa 2019 kwa ajili ya maji vijijini, ipo mpaka wilayani kwetu. Tume ya Taifa ya Umwagiliaji ipo. Mradi wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria Simiyu umeanza na Busega, Bariadi na Itilima, Maswa na sisi Meatu tunafuata. Mabomba hayo yatahitaji watu wa kuyatunza kwa miaka hamsini. Mmoja wao yupo hapo nyumbani kwenu, mmemkalisha kikao mkimchekea jembe.

Nitaongeza jambo la saiti, maana ndiko ninakoshinda siku hizi. Tupo wanafunzi sita wa PT, wa vyuo vinne. Wa Mlimani tupo wawili. Siku ya kwanza fomeni hakuuliza vyeti. Alituonyesha mashine ya upimaji ndani ya sanduku lake, akasema, "Nani ataisimamisha?" Jamaa mmoja wa DIT, aliyepitia diploma kwanza, aliifungua, akatandaza miguu mitatu, akakaza, akasawazisha, na chai ya fomeni ilikuwa bado inatoa moshi. Tulipofika kwenye hesabu za mihimili, sisi wawili wa Mlimani ndio tulioulizwa. Kwa sasa kila jioni anatufundisha mashine, nasi tunamfundisha hesabu. Hakuna aliyekuja na kila kitu, na wote tunalipwa sawa, yaani hatulipwi, ha ha!

Lakini humu chuoni kwetu bado utawasikia watu wakisema DIT ni "chuo cha mafundi", tena kwa kubinua mdomo. Tangu lini fundi likawa tusi? Nimekulia mkoa unaoongoza nchi kwa pamba. Mashine za vinu vya kuchambua pamba zilikuwa zikigoma msimu umepamba moto, wakulima wamelala nje na marobota, aliyekuwa anatafutwa usiku kwa pikipiki ni mzee mmoja wa FTC, cheti cha fundi sanifu kilichokuwa kinatolewa na zile Tech za Dar, Arusha na Mbeya. Mzee yule tulimwita injinia, na tulikuwa tunamaanisha. Halafu kuna kisima cha pampu kule kijijini kilichotengenezwa kwa ripoti nzuri yenye picha za rangi, kikafa mwaka wa pili kwa kifaa kidogo tu, na hakuna kati ya wenye ripoti aliyejua pa kukishika. Sitaji nani. Watu waliendelea kunywa maji ya mchangani huku kisima kikiwa na kufuli.

Hapa niseme pia kuhusu wale wa kidato cha nne. Kwenda Arusha au DIT kusoma diploma ya ufundi mnakuita kufeli. Anayepata GPA ya 3.0 kwenye diploma anaweza kuomba digrii, na anaingia akiwa mikono imeshajua kazi. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 HESLB inakopesha hata wa diploma kwenye fani za kipaumbele. Nalipitia haraka tu, litahitaji siku yake.

Sasa najua mtaniambia, "Wewe uko huko, unawafungia wenzako mlango." Hapana. Jina lina uzito, nisiwadanganye. Wahitimu wa Mlimani wapo kila ofisi kubwa, na mtu aliyesoma chuo kimoja na wewe anakupokea simu haraka zaidi. Ukiwa Dar unakutana na makampuni, saiti zipo kila kona, PT unapata hata kwa kutembea kwa miguu. Kama binti angepewa uhandisi ujenzi Mlimani na uhandisi ujenzi kwingine, ningesema njoo Mlimani, nitakuonyesha kafteria ipi wali wake haujaungua. Lakini hakupewa hivyo! Amepewa jina bila kitu upande mmoja, na kitu chenyewe upande mwingine. Nyie mnamnunulia gunia kwa sababu ya maandishi ya nje.

Na wapo wanaovuka kutoka "Mlimani au hakuna" kwenda "Dar au hakuna". Hawa ni hatari zaidi. Wanauza ng'ombe kumpeleka mtoto chuo chochote chenye anwani ya Dar, ilimradi kina bango zuri kule Mnazi Mmoja kwenye maonesho ya vyuo. Chema chajiuza, wazee. Februari 2016 TCU ilifunga vyuo vya St. Joseph vya kule Songea, ikafuata kampasi ya Arusha, na wanafunzi wakahamishwa kupelekwa vyuo vingine. Fikiria umeshalala kwenye kitanda cha hosteli, una madaftari, unaambiwa fungasha. Kwa hiyo iwe Dar, iwe wapi, uliza kozi hii TCU wanaitambua? ERB wanaitambua? Karakana ipo, au kuna picha ya karakana? Waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi? Mpigie mmoja simu. Sisi wanafunzi tunapenda kusema ukweli kuhusu vyuo vyetu, hatuna mshahara wa kuupoteza.

Hesabu ya tumbo nayo ihesabiwe. Bumu ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku tangu 2022/23, kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Elfu kumi ya Morogoro na elfu kumi ya Sinza ni fedha mbili tofauti, zimefanana sura tu. Morogoro nyanya zinatoka bustanini, chumba unapata. Hapa ukikosa kitanda cha hosteli ndiyo utajua Dar ni ya nani. Na safari: siku hizi kuna daraja la Sibiti, mita 82 za zege tulizozisubiri miaka na miaka. Unavuka kwenda Mkalama, Singida, Dodoma, na kutoka Dodoma kuna treni ya umeme tangu 2024. Morogoro unashuka kabla ya Dar. Mnaosema Morogoro ni mbali mmeshika ramani kichwa chini.

Shangazi yangu alisema jingine, kwamba miaka minne kwa msichana ni mingi, ataolewa lini. Shangazi, nakupenda, shikamoo, lakini kozi ya Mlimani mnayomlazimisha ni miaka mitatu, na mkitaka ahamie uhandisi ni minne tena. Mmepiga hesabu ya saba. Tuliache hilo.

Baba mkubwa, shikamoo na wewe. Najua kuna kijana atakusomea haya jioni pale dukani. Sikudharau. Wewe ndiye uliyeuza ndama wawili mwaka ule nikanunua godoro na kompyuta, na nikishika kalamu nakukumbuka. Ndiyo maana sitaki uuze wengine kwa ajili ya jina. Ule ujumbe wa TCU wenye namba ya kuthibitisha umeingia kwenye simu ya binti, na aliyeomba ni yeye. Mwacheni aingize chuo anachokitaka kabla dirisha halijafungwa, na mkitaka kunigombeza nipigieni Jumapili, siku nyingine nipo saiti.

Wa MUST, wa SUA, wa DIT mliopo humu, semeni ya kwenu, hasa mnisaidie kuhusu SUA maana binti anasoma hapa. Naishia hapo, kesho saa moja asubuhi tunamwaga zege la nguzo na fomeni hasubiri mtu.